Posho ya mkubwa nayo ipimwe mbele ya watu

Sisi tunaosoma lugha tunafundishwa mapema kwamba neno likisafiri hubadilika maana, na kwamba mabadiliko hayo mara nyingi hutuambia jambo kuhusu watu waliolibeba. Neno ambalo ningependa wasomaji wa jarida letu walitazame safari hii ni posho. Huku Katanga, wazee waliokulia katika kambi za Union Minière wanalikumbuka kama chakula cha juma: unga, maharagwe, samaki mkavu, mafuta ya mawese na chumvi, alivyopewa mfanyakazi kwa kadiri ya watu wa nyumbani mwake. Tanzania, neno hilohilo leo ni fedha anayopewa mtu juu ya mshahara wake: posho ya kikao, posho ya safari, posho ya madaraka. Kwa hiyo neno limetoka kwenye gunia la unga likaingia kwenye bahasha.

Tofauti ya maana hizo mbili haiishii kwenye kitu kinachotolewa. Posho ya unga ilikuwa na siku yake, mizani yake na mstari wake wa watu. Aliyesimama nyuma aliona alichopewa aliyesimama mbele. Sisemi kwamba ilikuwa haki. Kipimo kiliamuliwa na mkoloni kwa faida ya mkoloni, na mwenye tumbo hakuulizwa kama ameshiba. Lakini kipimo kilijulikana. Mama wa kambini aliweza kusema kwa hakika kwamba juma hili wamepunguza unga, na kwa sababu aliweza kusema, aliweza pia kulalamika. Posho ya bahasha haina mstari wala mizani. Anayeipokea anaijua, anayeisaini anaijua, na sisi wengine tunabaki na uvumi.

Makala hii inahusu posho ya namna hiyo ya pili, hasa ile wanayopewa wenyeviti wa mabaraza yanayosimamia mashirika ya Serikali. Hoja yangu ni fupi: kila kitu ambacho mwenyekiti wa baraza la utawala wa shirika la umma hupokea kwa ajili ya kazi hiyo, iwe fedha ya kikao, ya safari, ya nyumba, ya gari au ya kupokea wageni, kichapishwe kila mwaka kwa jina na kwa kiasi, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Nitajaribu kuonyesha kwamba jambo hili linawezekana, kwamba sheria zetu zimekwisha kulifikia nusu ya njia, na kwamba mji wetu wa Likasi una sababu za pekee za kulidai.

PCA ni nani, na hulipwaje?

Kwanza nitenganishe vyeo viwili ambavyo watu huvichanganya. Rais wa baraza la utawala, ambaye mtaani sote tunamwita PCA, si mkurugenzi mkuu. Mkurugenzi mkuu, yaani DG, ndiye anayeendesha kazi ya kila siku: mafundi, mashine, mishahara, mauzo. PCA anaongoza baraza ambalo hukutana ili kuidhinisha bajeti, kutazama hesabu na kumsimamia huyo DG. Yeye ni mlinzi wa mlangoni, na DG ndiye mwenye duka kwa muda.

Kwa sababu hiyo anachopata hakifanani na mshahara wa mtu wa kiwandani. Kinakuja vipande vipande. Kuna fedha ya kuhudhuria kikao, ambayo makaratasi ya Kifaransa huiita jeton de présence. Kuna fedha ya cheo yenyewe. Kuna frais de mission, ambayo ni tikiti pamoja na kiasi cha kila siku anayokuwa safarini. Kisha huja gari, mafuta ya gari, simu, nyumba, matibabu, na fedha ya kuwakaribisha wageni. Kila kipande kikitazamwa peke yake kinaonekana kidogo na cha kawaida. Ni pale vinapojumlishwa ndipo mtu hujua PCA anagharimu kiasi gani, na hesabu hiyo ya kujumlisha ndiyo ambayo sijawahi kukutana na mtu hapa Likasi aliyeweza kunisomea, hata miongoni mwa wale waliokula ujana wao wote katika kazi ya Gécamines.

Vipande hivi vina tabia zake. Ukimlipa mtu kwa kikao, unampa sababu ya kuitisha vikao. Ukimlipa kwa siku ya safari, unampa sababu ya kupenda ndege. Si lazima awe mwizi. Atakuwa binadamu tu, kama fundi anayelipwa kwa saa ambaye hana haraka ya kumaliza. Mkutano unaoweza kufanyika Likasi, karibu na mitambo yenyewe, utafanyika mahali penye hoteli nzuri zaidi, na hakuna atakayeuliza kwa nini, kwa sababu hakuna aliyeona risiti.

Sheria imekwisha kuliona jambo hili. Nchi yetu ilianza kufuata sheria za OHADA mwaka 2012, na mashirika makubwa ya Serikali yaliyogeuzwa kuwa kampuni za biashara yako chini ya sheria hizo. Sheria ya OHADA kuhusu kampuni, katika kifungu cha 430 hadi 432, inasema mjumbe wa baraza hawezi kulipwa kwa cheo chake nje ya njia zilizotajwa pale. Njia ya kwanza ni fedha ya cheo ya kila mwaka, ambayo hukubaliwa na mkutano mkuu wa wenye hisa. Njia ya pili ni malipo ya pekee kwa ajili ya kazi maalumu waliyotumwa, na kurudishiwa gharama za safari walizotumia kwa faida ya kampuni. Hiyo ya pili baraza linaweza kujiidhinishia lenyewe. Kwa kuwa mtu akijipimia unga mwenyewe mkono hauwezi kuwa mwepesi, sheria imeweka kizuizi: malipo hayo na gharama hizo lazima ziandikiwe ripoti maalumu na mkaguzi wa hesabu, na ripoti hiyo ipelekwe kwenye mkutano mkuu.

Ndugu msomaji, naomba usipite haraka hapa. Sheria inadai ripoti. Mtu hahitaji kuanzisha ofisi mpya, kununua kompyuta wala kualika wataalamu kutoka Ulaya ili kujua PCA amelipwa nini. Karatasi inayotakiwa na sheria imekwisha kutajwa, na msomaji wake pia ametajwa, ambaye ni mwenye hisa. Sasa katika shirika ambalo hisa zake zote ni za Serikali, mwenye hisa ni nani? Kwenye kiti cha mkutano anakaa waziri anayehusika na mali za Serikali. Lakini waziri hakununua hisa hizo kwa fedha ya mfukoni mwake. Anakaa pale kwa niaba yetu. Kwa hiyo tunaponyimwa ripoti ile, tunanyimwa barua iliyoandikwa kwa jina letu.

Kwa nini Likasi

Kuna wanaoweza kusema kwamba haya ni mambo ya Kinshasa na Lubumbashi, na kwamba mwanafunzi wa Likasi angejishughulisha na barabara ya mtaa wake. Mimi naona kinyume. Mji huu, kabla na baada ya kuitwa Jadotville, umejengwa juu ya shaba na juu ya shirika moja. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Ilipotaifishwa, kuanzia tarehe 1 Januari 1967, mali yake ikawa ya Serikali ya Kongo na baadaye ikachukua jina la Gécamines. Shituru na Panda, ambazo leo ni majina ya komini zetu, kwa wazee wetu ni majina ya viwanda na karakana kabla ya kuwa majina ya ofisi za burugumesta. Mtoto alizaliwa katika hospitali ya shirika, akasoma katika shule ya shirika, akaoa kwa mshahara wa shirika.

Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, vurugu na vita vikafuata, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 shirika lilikuwa halifikishi hata sehemu moja ya kumi ya kiasi hicho. Mishahara ilichelewa miezi, kisha ikachelewa miaka. Mwaka 2003 ukaja mpango uliopewa jina zuri la Départs Volontaires, yaani kuondoka kwa hiari. Kwa fedha iliyotoka Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 waliondoka Gécamines. Wengi walikuwa watu wa Likasi, Kolwezi na Lubumbashi. Katika nyumba nyingi za mji huu hadithi ya umaskini wa familia huanza na mwaka huo, na neno hiari likitajwa wazee hucheka kicheko kisicho na furaha.

Nataja mpango ule kwa sababu moja. Wakati ule ilionekana inawezekana kabisa kupiga hesabu ya watu 10,655, mmoja mmoja, kwa jina, kwa miaka ya kazi, hadi kwenye kiasi cha mwisho, na kila mmoja akawekewa karatasi ya kutia saini. Wataalamu walipatikana, madaftari yalipatikana, kalamu zilipatikana. Hesabu ya wanaoondoka mikono mitupu iliwezekana. Basi nani atatuambia kwamba hesabu ya mtu mmoja anayekaa kiti cha mbele ni ngumu?

Baada ya hapo Gécamines iligeuka. Haikuwa tena mchimbaji mkubwa, ikawa mwenye nyumba anayekusanya kodi ya pango kwa kampuni za kigeni zilizochukua migodi yake. Fedha ya namna hiyo haina kelele. Haina tani za kuhesabu kwenye mabehewa, na mtu wa Shituru hawezi kuiona ikipita. Mwaka 2017 Carter Center, taasisi iliyoanzishwa na Jimmy Carter, rais wa zamani wa Marekani, ilitoa uchunguzi uliosema kwamba kati ya mwaka 2011 na 2014, dola milioni 750 hivi za mapato ya mikataba hazikuweza kufuatiliwa kwa uhakika hadi kwenye hesabu za Gécamines. Shirika lilikanusha vikali. Mwaka 2022 ikaja zamu ya wakaguzi wetu wenyewe, Inspection Générale des Finances, ambayo watu huijua kwa herufi zake IGF. Walisema kwamba zaidi ya dola milioni 400 ambazo Gécamines ilidai kuikabidhi hazina ya nchi kama kodi ya mapema na mikopo, hazikuonekana upande wa hazina. Wakati huo Albert Yuma, aliyekuwa PCA tangu mwaka 2010, alikuwa amekwisha kuondolewa Desemba 2021.

Sitoi hukumu juu ya mtu yeyote hapa. Hiyo ni kazi ya mahakama. Ninachosema ni kwamba mji uliopitia haya yote una haki ya kuuliza swali dogo kuliko yote: mlinzi wetu wa mlangoni tunamlipa nini?

Majibu tunayopewa

Jibu la kwanza ni kwamba posho ni fedha ndogo. Mtu huniambia: wewe unazungumza mamilioni mia nne ya dola, halafu unafuata bei ya tikiti ya ndege? Ndiyo, nafuata, na kwa sababu hiyohiyo. Hesabu ya mikataba ya madini ni nzito. Ina masharti, riba, kodi, washirika na mabenki ya nchi tatu. Anayetaka kuificha ana vichaka vingi. Hesabu ya posho ya mtu mmoja ni mstari mmoja katika ukurasa mmoja. Shirika lisiloweza kutuonyesha mstari huo haliwezi kutuomba tuliamini katika kurasa elfu nyingine. Tena mkaguzi yeyote atakuambia kwamba desturi hujengwa kutoka chini: anayezoea kutotoa risiti ya chakula cha jioni hatakumbuka kuitoa siku ya mkataba.

Jibu la pili ni heshima ya cheo. PCA anakutana na wawekezaji, wanasema, hawezi kupanda basi. Hapa sina ugomvi nao. Simtaki PCA maskini. Mtu anayesimamia mali ya mabilioni akilipwa vibaya atanunuliwa kwa bei ya chini, na hasara itakuwa yetu. Alipwe vizuri, asafiri kwa usalama, alale mahali pa heshima. Lakini heshima ya kweli haiogopi kutajwa kiasi chake. Profesa anajua mshahara wa ngazi yake umeandikwa, na hakuna anayemdharau kwa hilo.

Jibu la tatu ni siri ya biashara na usalama. Kuna ukweli kidogo ndani yake: huwezi kutangaza leo kwamba kesho PCA anakwenda nchi fulani kuuza kobalti, ukamwonyesha mshindani njia. Lakini hesabu ya mwaka uliokwisha haiuzi siri ya mwaka ujao. Tunataka kujua alisafiri mara ngapi, siku ngapi na kwa kiasi gani. Alichokubaliana na mwenyeji wake kina taratibu zake. Na hata huko kwenye mikataba, amri ya Waziri Mkuu ya tarehe 20 Mei 2011 inaagiza kwamba kila mkataba kuhusu maliasili uchapishwe ndani ya siku 60. Kama mkataba wenyewe wa mgodi unaweza kuchapishwa, hoteli ya aliyeusaini ina siri gani?

Jibu la nne ndilo linaloumiza zaidi, kwa sababu hutolewa na watu wetu wenyewe: huo ni wivu. Kijana hana kazi, anachungulia sahani ya mkubwa. Nami nasema wivu humea gizani. Kwa kuwa hakuna anayejua kiasi, kila mtu mjini ana kiasi chake. Mmoja atakuambia elfu kumi za dola kwa mwezi, mwingine elfu mia, na wote wataapa kwamba wamesikia kwa shemeji anayefanya kazi makao makuu. Katika soko hilo la uvumi anayeumia kuliko wote ni PCA mwaminifu. Huyo hana njia ya kujitenga na mwizi, maana wote wawili wamefunikwa blanketi moja. Kama ningekuwa PCA mwenye mikono safi, ningekuwa wa kwanza kuomba hesabu yangu ibandikwe ukutani.

Jibu la tano ni kwamba tuna IGF, na kwamba tangu mwaka 2020 wakaguzi wake wameamka. Hili nalikubali na nalifurahia. Lakini mkaguzi anayemripoti Rais ni jicho la Rais. Akiona, Rais anaona. Sisi tunasubiri siku ya mkutano na waandishi wa habari, na mara nyingi tunapata habari ya mwaka uliozikwa. Ukaguzi ni kumkamata mwizi akiwa ametoka na mzigo. Kuchapisha ni kuwasha taa kabla hajaingia. Nyumba yenye busara inahitaji vyote viwili.

Majirani wamefanya nini

Jambo hili halikuanzia kwetu. Tanzania mjadala wa posho za vikao uliingia hata bungeni: mwaka 2011 mbunge Zitto Kabwe alikataa kupokea posho ya kikao, akisema kukaa bungeni ndiyo kazi ambayo mbunge amekwisha kulipwa mshahara kwa ajili yake. Mwaka 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba mshahara wa wakuu wa mashirika ya umma usizidi shilingi milioni 15 kwa mwezi. Unaweza kubishana na kiwango hicho, na unaweza kubishana na mtindo wake wa kutawala, lakini tazama kilichotokea: wananchi walipata namba moja ya kushikilia. Tena kila mwaka ripoti ya mkaguzi mkuu wa Tanzania, wanayemwita CAG, hufika bungeni na baadaye kwa umma, na magazeti ya Kiswahili huitafuna ukurasa kwa ukurasa, katika lugha ambayo muuza mboga anaielewa.

Kenya ilikwenda kwa njia ya katiba. Katiba yao ya mwaka 2010, kifungu cha 230, iliunda tume ya mishahara na marupurupu, SRC, inayopanga au kushauri malipo ya watumishi wa umma, na viwango vyake hutangazwa. Hilo halijamaliza ubadhirifu huko. Ripoti za mkaguzi mkuu wao bado hujaa mabaraza yaliyokaa vikao vingi kuliko ilivyoruhusiwa. Lakini elewa maana ya sentensi hiyo: tunajua kwamba vimezidi kwa sababu kuna kiwango kilichoandikwa cha kuvilinganisha navyo. Pasipo kiwango, hakuna kuzidi.

Hata Uingereza, ambayo baadhi yetu huidhania kuwa nyumba ya watakatifu, ililazimika kujifunza kwa aibu. Mwaka 2009 gazeti la Daily Telegraph lilichapisha gharama ambazo wabunge walikuwa wakiomba kurudishiwa. Mmoja aliomba fedha ya kusafisha handaki la maji linalozunguka jumba lake, mwingine aliomba ya kibanda cha bata. Spika alijiuzulu, na baadhi ya wabunge walifungwa jela. Leo kuna chombo huru kinachochapisha madai ya kila mbunge mmoja mmoja. Kiasi kilichoibwa kilikuwa tone katika bajeti ya nchi ile. Kilichowakasirisha watu ni kugundua kwamba walikuwa wakilipia gharama za wabunge bila kuulizwa.

Kazi ya watu wa lugha

Sasa nije kwetu, katika kitivo chetu. Mtu anaweza kuuliza: hayo ni ya wanasheria na wanauchumi, watu wa fasihi na isimu mnatafuta nini? Tunatafuta kazi yetu. Ufisadi wa hesabu hupenda kuvaa maneno. Angalia orodha yetu: frais de mission, frais de représentation, prime, motivation, collation. Maneno haya hayatafsiriwi, na si kwa bahati mbaya. Mama anayeuza makaa Kikula akisikia collation anadhani ni jambo la wasomi. Mwambie kwa Kiswahili kwamba ni fedha ya chakula wanayopewa watu waliokwisha kulipwa kuja kukaa kwenye viti, na utaona jinsi anavyoweka chini gunia lake ili asikilize vizuri.

Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha kwanza, inataja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba, na inaiagiza Serikali iziendeleze bila ubaguzi. Kifungu cha 24 kinampa kila mtu haki ya kupata habari. Weka vifungu hivyo viwili pamoja: haki ya habari katika nchi ambayo wengi hawasomi Kifaransa cha ofisini ni haki ya kupata habari katika lugha ya taifa. Hesabu iliyochapishwa kwa Kifaransa peke yake, ndani ya ripoti ya kurasa mia tatu, imefunuliwa kwa watu wachache na kubaki imefunikwa kwa wengine.

Napendekeza wanafunzi wa kitivo hiki tuandae faharasa ndogo ya maneno ya fedha za umma kwa Kiswahili cha kwetu, kile kinachoeleweka Panda na Kambove, tukiazima kwa majirani pale wanapotuzidi. Neno posho lenyewe tulichukue kwa maana zake zote mbili, ya unga na ya bahasha, ili kila atakayelitamka akumbuke kwamba chakula cha mfanyakazi na marupurupu ya mkubwa hutoka katika chungu kimoja. Kazi hiyo haihitaji bajeti. Inahitaji kalamu, kamusi na masikio ya sokoni.

Watu wetu hawahitaji kufundishwa uwazi. Katika likelemba za mama zetu, anayeshika daftari huwasomea wenzake nani ametoa na nani zamu yake, na asiyesoma hapewi daftari tena. Kwenye matanga, mchango wa kila mtu huandikwa kwa jina, hata wa franga mia tano, na marehemu hazikwi kabla ya hesabu kusemwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mji unaoweka daftari kwa ajili ya sanduku la maiti hauwezi kuambiwa kwamba daftari la PCA ni jambo geni lililoletwa na wazungu.

Ninachodai

Kwa hiyo nadai mambo manne, na nayaandika wazi ili anayetaka kuyapinga ayapinge moja moja. Kwanza, ripoti maalumu ya mkaguzi wa hesabu juu ya malipo na safari za wajumbe wa baraza, ile inayotakiwa na OHADA, ichapishwe mara tu baada ya mkutano mkuu. Pili, iwe na jedwali moja lenye jina la kila mjumbe, idadi ya vikao alivyohudhuria, siku alizosafiri, na jumla ya alichopokea kwa fedha na kwa vitu. Tatu, jedwali hilo litolewe pia kwa Kiswahili, na libandikwe mahali shirika linapofanya kazi, maana mwenye hisa wa Shituru hana sababu ya kupanda gari kwenda Lubumbashi kusoma hesabu yake. Nne, desturi hii ishuke mpaka kwetu. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa asilimia 15 ya mrabaha kwa mji, komini, sekta au himaya ambamo mgodi upo. Fedha hiyo iko karibu kuliko ya Kinshasa, na posho za wanaoisimamia ziandikwe vilevile.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji sheria mpya ya bunge. Mwenye hisa anaweza kuagiza ripoti yake ichapishwe. Waziri anaweza kutia saini Jumatatu, na PCA yeyote anaweza kuanza kwa hiari yake Jumanne, bila kusubiri waziri. Hiyo ingekuwa hiari ya kweli, na wale wazee 10,655 walioandikiwa neno hilo kwenye karatasi zao wangeweza, kwa wale walio hai bado, kuona linavyofanana.